Nzi wa Maembe na Kosa Langu

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii nilifundishwa shuleni, nikaiandika mara nyingi katika insha zangu, lakini maana yake hasa sikuijua mpaka nilipokuwa na miembe yangu mwenyewe.

Mimi ni karani wa serikali, na kwetu ni Makueni. Mshahara wa karani haumtoshi mtu mwenye watoto wanne. Kwa hiyo nilipanda miembe arobaini ya aina ya Apple katika shamba aliloniachia marehemu baba. Mwaka wa sita ilizaa hata matawi yakainama. Nikafanya hesabu juu ya karatasi: karo ya mtoto wa kwanza, mabati ya jiko, na akiba kidogo.

Mnunuzi alipofika alichuma embe moja lililoonekana zuri kabisa, akalipasua kwa kisu. Ndani mlikuwa na funza weupe. Akapasua la pili na la tatu, akafuta kisu chake, akapanda lori akaenda zake bila kutaja bei.

Nilikasirika mno. Ng'ambo ya ua wangu pana shamba la mzee mmoja, jirani yetu tangu siku za baba. Miembe yake ni ya kienyeji, na shamba lake lina magugu. Nikasema moyoni, nzi hawa ni wake. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kalamu, nilimwandikia naibu wa chifu barua ya kumshtaki mzee kwamba anafuga wadudu. Barua ile ilikuwa na Kiswahili safi, lakini ndani yake hapakuwa na jambo hata moja nililokuwa nimelichunguza.

Naibu wa chifu alikuja pamoja na Bwana Shamba. Huyu hakuanzia kwa mzee, alianzia kwangu. Akaniuliza, "Maembe yanayoanguka mnayatupa wapi?" Nikamwonyesha shimo kando ya ua, ambalo kina chake hakikufika magotini, limefunikwa udongo kidogo. Akafukua kwa kijiti, akatoa vitu vidogo vya rangi ya kahawia, mfano wa punje za mpunga. "Hawa ndio nzi wako," akasema. "Bado siku chache tu wataruka."

Ndipo alipotueleza. Nzi jike hutoboa ngozi ya embe akataga mayai chini yake, na alama yenyewe ni ndogo hata jicho haliioni upesi. Baada ya siku chache mayai huanguliwa, na funza hula nyama ya tunda. Tunda huanguka, funza hutoka, huingia udongoni, hujifunga katika gamba, na baada ya majuma mawili hivi hutoka nzi mpya. Kwa hiyo embe lililooza chini ya mti si takataka, bali ni kitalu cha nzi. Na maembe yakiisha, nzi huendelea kuishi katika mapera na matunda mengine mpaka msimu urudi.

Tangu zamani tulikuwa na nzi wetu wenyeji wa maembe. Lakini aliye mkali zaidi asili yake ni Asia; katika bara la Afrika alionekana kwanza hapa Kenya, pwani, mwaka 2003. Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina la Bactrocera invadens, na mwaka 2015 wakakubaliana kwamba ni yule yule Bactrocera dorsalis wa Asia. Kwa sababu ya nzi hawa, mwaka 2014 Kenya ilisimamisha kupeleka maembe yake katika Umoja wa Ulaya, na njia hiyo haikufunguliwa tena mpaka mwaka 2021.

Niliuliza kama mitego haitoshi. Bwana Shamba akajibu kwamba ule mtego wenye harufu huvuta madume tu, na jike aliyekwisha kupandwa huendelea kutaga. Mitego ni msaada, na chambo cha chakula kilichotiwa dawa ni msaada pia. Lakini kazi ya kwanza ni kuokota kila tunda lililoanguka na kulizika chini, sentimita 50 au zaidi, ili nzi asiweze kutoka.

Jioni ile nilikwenda kwa mzee. Nilimwambia, "Mzee, nimekukosea," nikamweleza habari ya shimo langu. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, barua yako nilisomewa. Ungalikuja ukaniuliza, ningalikuambia kwamba hata mimi sijala embe zima tangu mwaka juzi." Maneno yale yaliniuma kuliko hasara ya maembe. Asubuhi yake niliandika barua ya pili, fupi, ya kuifuta ile ya kwanza.

Baadaye nyumba tisa zinazopakana tulipatana: kila Jumatano na kila Jumamosi kuokota, na vijana wetu kumwokotea mzee, maana mgongo wake hauinami tena. Nzi hajui ua. Mtu akisafisha shamba lake huku jirani ameacha, amefagia uwanja wakati wa upepo.

Msimu uliofuata mnunuzi alirudi na kisu chake. Embe la kwanza lilikuwa safi, na la pili vile vile; la tatu lilikuwa na funza. Hata hivyo alinunua zaidi ya nusu ya maembe yangu, na karo ikalipwa. Mabati ya jiko bado.

Ndugu wasomaji, hasa ninyi makarani wenzangu mlio na mashamba nyumbani na kalamu mfukoni: kabla hamjaandika barua juu ya jirani, tazameni kwanza chini ya miti yenu.