Kiitaliano cha Matembezini

Mwanafunzi aendaye Livorno, bandari ya magharibi mwa Italia, kujifunza Kiitaliano, hupewa sarufi darasani; ulimi wenyewe hulainika siku za mapumziko. Sokoni wauza samaki humweleza mapishi ya cacciucco: pweza, ngisi na samaki wengine katika mchuzi mzito wa nyanya, unaomiminwa juu ya mkate uliochomwa na kusuguliwa kitunguu saumu. Wenyeji husema samaki wasipungue aina tano, kama herufi c zilivyo tano katika jina hilo.

Kisha matembezi humfikisha bandarini, penye sanamu ya mtawala Ferdinando wa Kwanza. Miguuni pake wameketi wanaume wanne wa shaba, wamefungwa minyororo. Ni kazi ya Pietro Tacca, iliyomalizika mwaka 1626, enzi ambayo watumwa wa makasia walifungwa mjini humo. Mmoja wao ana uso wa Kiafrika. Mwanafunzi mwenye uso kama huo huhitaji hapo maneno ambayo kitabu cha kwanza hakina: mnyororo, mateka, utumwa. Kumwuliza mpita njia ni kazi nzito kuliko vitenzi vyote. Na aulize. Atajibiwa kwamba mnara huo huitwa Quattro Mori, kwa ajili ya wale wanne. Mtawala aliye juu hatajwi.