Mji wa dhahabu ambao kila mzazi angemwonesha mwanawe

Mzazi mwenzangu, huenda swali hili limeshaulizwa nyumbani kwako: "Mama, kwa nini nisome miaka yote hiyo, wakati fulani aliacha shule akaenda machimboni na sasa ana pikipiki?" Wazazi wa Geita, Kahama na Chunya wanalijua vizuri.

Kabla ya kugomba, kaa na mwanao, chukueni simu mtafute picha za Dawson City. Ni mji mdogo wa kaskazini magharibi mwa Kanada, mahali Mto Klondike unapoingia Mto Yukon. Majengo yake yatakusaidia kujibu.

Agosti 1896, Keish, mpwa wake Káa Goox, dada yake Shaaw Tláa na shemeji yake George Carmack walikuta dhahabu kwenye kijito ambacho baadaye kiliitwa Bonanza. Julai 1897 meli zenye dhahabu zilifika San Francisco na Seattle, na watu wapatao 100,000 wakafunga safari. Waliofika ni kati ya 30,000 na 40,000. Wengi wao walikuta vitalu vizuri vimeshachukuliwa na waliotangulia.

Anzeni na nyumba za mbao za Barabara ya Tatu. Zimeinama, nyingine zimeegemeana kama watu waliochoka. Ardhi ya huko imeganda chini mwaka mzima. Nyumba zilijengwa haraka juu yake, na jiko lilipowashwa ndani, joto liliyeyusha barafu iliyo chini, nyumba ikazama upande mmoja. Hata mtoto wa darasa la tatu atalielewa hilo.

Kisha tafuteni ukumbi wa Palace Grand. Ulifunguliwa 1899 na Charlie Meadows ili wachimbaji wapate pa kutumia fedha zao. Mwaka huohuo zikaja habari za dhahabu ya Nome, Alaska, na maelfu wakahama katika majira yale ya joto. Ukumbi mnaouona leo ulijengwa upya na serikali katika miaka ya 1960.

Jengo la utawala la 1901 nalo ni la kuangaliwa. Ni kubwa kwa sababu serikali iliamini mji utaendelea kukua. Kufikia 1902 wakazi walikuwa hawafiki 5,000. Mwaka 1953 makao makuu yakahamishiwa Whitehorse, na sasa jengo hilo ni makumbusho.

Kipo pia kibanda cha magogo cha Jack London. Alikwenda Klondike 1897 akiwa kijana wa miaka 21, akaugua kiseyeye kwa kukosa mboga na matunda, na mwaka uliofuata akarudi kwao karibu mikono mitupu. Utajiri wake ulitokana na vitabu alivyoandika baadaye kuhusu nchi ile. Magogo ya kibanda chake yamegawanywa: mengine yako Dawson, mengine Oakland, Marekani.

Kando ya kijito cha Bonanza kuna mashine iitwayo Dredge No. 4, yenye urefu wa ghorofa nane. Ilielea juu ya maji, ikichota mchanga kwa ndoo za chuma na kuuosha, hadi 1959. Mchimbaji wa koleo hakuweza kushindana nayo. Iliacha malundo ya mawe bondeni, na bado yapo.

Lakini usifunge simu kabla ya kumwonesha Moosehide. Kabla ya dhahabu, watu wa Tr'ondëk Hwëch'in walivua samaki aina ya salmoni pale mito inapokutana. Wageni walipojaa, kiongozi wao, Chifu Isaac, aliwahamishia watu wake Moosehide, kilomita chache chini ya mto. Nyimbo zao akazikabidhi kwa jamaa zao wa Alaska ili zisipotee. Miaka ya 1990 nyimbo hizo zilianza kurudi nyumbani. Mwaka 2023 UNESCO iliiandika Tr'ondëk-Klondike kuwa urithi wa dunia, na historia ya watu hao ndiyo kiini cha uamuzi huo.

Usimdanganye mtoto kwamba hakuna aliyetajirika. Wapo, na mtaani kwenu labda wapo pia. Mwambie ahesabu: kati ya wale 100,000, wangapi walifika, na kati ya waliofika, wangapi walikuta kitalu? Halafu muulize: "Dhahabu ilipopungua, nani alibaki, na alibaki na nini mkononi?"

Mwache ajibu mwenyewe. Hata akirudia habari ya pikipiki, mtakuwa mnazungumza, na hilo ni bora kuliko kusikia siku moja kwamba ameshapanda basi la machimboni.