Siku Mbili za Treni Kabla ya Meli

Wapendwa akina mama, wengi wetu tunafahamu habari za mama mkwe na mkewe mwana wasiopatana. Mimi nilikuwa mmoja wao, ingawa kwa nje hakuna aliyejua. Sikumjibu vibaya mama mkwe wangu hata siku moja, wala yeye hakunitukana. Alipokuja kwetu nilimpikia, nikamfulia, nikamwandikia kitanda kizuri. Lakini moyoni nilikuwa nimefunga mlango tangu mwaka 2009. Leo nataka niwaeleze jinsi mlango huo ulivyofunguliwa, na ya kwamba ulifunguliwa ndani ya treni.

Mwaka huo wa 2009 tulimzika mtoto wetu wa pili, mvulana wa miezi saba, hapa Dar es Salaam. Ndugu walikuja kutoka pande zote. Mama mkwe, anayeishi kijijini karibu na Bukoba, alituma habari kwamba yuko njiani. Tulimngoja. Kila gari liliposimama nje ya geti nilichungulia dirishani. Hakuja. Mazishi yakapita, matanga yakaanuliwa, naye hakuja. Baadaye alisema kwamba alishikwa na homa. Sikumwuliza zaidi, na sikumsamehe.

Mwezi wa Mei 2023 alikuja Dar es Salaam kwa basi ili atibiwe mtoto wa jicho. Alipasuliwa, akaona vizuri, akamshukuru Mungu. Shida ilikuwa miguu yake. Ilikuwa imevimba sana kwa kukaa ndani ya basi, na daktari akamwambia asisafiri tena muda mrefu bila kunyoosha miguu. Basi ilipofika Agosti akataka kurudi nyumbani, mume wangu akaanza kuulizia ndege. Hapo Mama akatushangaza. Alisema anataka kupitia Mwanza, na kutoka Mwanza avuke kwa meli.

Kwa msomaji asiyeijua Kanda ya Ziwa, Bukoba iko upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, na Mwanza iko kusini. Meli huondoka Mwanza usiku, hupitia Kemondo, na kufika Bukoba asubuhi. Meli tuliyokusudia kupanda ni MV Victoria, iliyolifahamu ziwa hilo tangu miaka ya mwanzo ya 1960. Ilisimama miaka kadhaa kwa matengenezo, ikarudi kazini mwaka 2020, na sasa inaweza kubeba abiria 1,200. Lakini mtu wa Bukoba akisikia neno meli, hakumbuki hiyo kwanza. Anaikumbuka MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ilipokuwa ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa maji. Wengi wao walizikwa Igoma, nje kidogo ya mji wa Mwanza. Mdogo wake Mama alikuwa ndani ya meli ile. Jambo hilo nililijua tangu nilipoolewa, lakini nililijua kama tunavyojua mambo mengi ya ukoo wa mume, yaani jina na tarehe tu.

"Nina miaka 71," Mama alisema. "Nataka nifike Igoma, kisha nivuke ziwa kabla sijafa."

Mume wangu akasema ni vema, basi mtapanda ndege hadi Mwanza. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi, shemeji yenu atawapokea, na kesho yake mtaingia melini. Mama akatikisa kichwa. "Baba, ukinishusha Mwanza kwa saa moja na nusu, nitafika bandarini na hofu yote niliyotoka nayo hapa sebuleni. Sitapanda. Nikatieni treni. Nataka niliendee ziwa polepole."

Mimi ndiye niliyechaguliwa kumsindikiza. Nawaambieni ukweli, nilitaka ndege kuliko mtu yeyote katika nyumba ile. Kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, mwendo wa karibu saa 40, usiku mbili. Nilihesabu saa hizo kama mfungwa. Usiku nilimwambia mume wangu kwamba fedha tunazo, tusimtese mama wa watu. Akacheka. "Nauli ya ndege ya mtu mmoja itawalipia ninyi wawili vitanda, na chenji itabaki. Tena si wewe unayesema Mama hana maneno? Labda huko njiani atayapata." Sikucheka.

Tulipewa chumba cha daraja la pili chenye vitanda sita, vitatu kila upande, na wote tuliokuwamo tulikuwa wanawake. Alikuwamo mfanyabiashara wa dagaa aliyekuwa akirudi Mwanza, binti mmoja mwanafunzi, mama wa makamo aliyekuwa akienda kumwona bintiye Tabora, na mwanamke kijana mwenye mtoto mchanga. Mama alichukua kitanda cha chini, akanyoosha miguu, akafumba macho. Mimi nilipanda cha katikati, nikafungua gazeti ambalo sikulisoma.

Baada ya Morogoro mtoto akaanza kulia. Mama yake alijaribu kila njia, akachoka. Ndipo nikasikia Mama akisema, "Nipe huyo." Akamlaza kifuani, akaanza kumbembeleza kwa Kihaya kwa sauti ndogo iliyokwenda sawasawa na magurudumu ya treni. Mtoto akanyamaza. Mwenye mtoto aliulizwa mwanawe ana umri gani, naye akajibu, "Miezi saba." Nikageukia ukutani. Kulipokucha mto wangu ulikuwa umelowa.

Asubuhi tulikuwa Dodoma, wauzaji wakinyanyua vibakuli vya zabibu hadi madirishani. Mchana tulinunua kuku wa kienyeji Saranda, tukala wote sita kutoka sahani moja kama watu wa nyumba moja. Kisha ikaja Manyoni, ikaja Itigi, na pori kavu lisilokwisha. Miguu ya Mama ilikuwa imeanza kujaa kidogo. Nilikuwa na mafuta ya kupaka, na kwa kuwa wenzangu walikuwa wakinitazama, niliona haya kukaa tu. Nikaketi mwisho wa kitanda chake, nikaipakata miguu yake, nikaanza kuikanda. Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumgusa mama yule zaidi ya kumpa mkono wa shikamoo. Hakusema kitu. Alinitazama tu, kwa macho yale mapya.

Tulifika Tabora usiku. Hapo mabehewa hugawanywa, mengine huenda Kigoma na mengine Mwanza, kwa hiyo behewa letu lilivutwa mbele na nyuma kwa muda mrefu. Binti na yule mama wa makamo walishuka. Mwenye mtoto alikuwa amelala, na mama wa dagaa alikuwa akikoroma. Nilidhani Mama naye amelala.

"Mama Neema," akaniita. "Wako naye alikuwa mkubwa kama huyu?"

"Ndiyo, Mama."

Akanyamaza mpaka treni ikaondoka. Kisha akasema, "Mimi sikuwa na homa."

Akanieleza. Habari ya msiba ilimfikia asubuhi. Akaambiwa kwamba akivuka kwa meli ya usiku huo, mwanawe wa Mwanza atampandisha basi alfajiri na atawahi mazishi. Akakata tiketi, akafunga kanga zake na ndizi za kuwapikia wafiwa. Alipofika kwenye ngazi ya meli, miguu ilikataa. Watu waliokuwa nyuma yake walimpigia kelele apande au apishe. Akatoka kwenye mstari, akakaa juu ya mzigo wake karibu na geti la bandari, akaiangalia meli mpaka ikapiga honi na kuondoka. Alikaa pale hadi kulipokucha. Kisha akarudi nyumbani, akawaambia watu kwamba ameshikwa na homa.

"Mdogo wangu, ni mimi niliyempa nauli ya kupanda ile iliyozama," alisema. "Alitaka kwenda Mwanza kununua vitenge. Nikampa, nikamsindikiza hadi bandarini. Sasa wewe umezika mtoto. Ningekuambiaje kwamba nimeogopa maji?"

Wapendwa, kwa miaka 14 nilikuwa nimeyaweka tayari maneno ya kumwambia siku atakapokiri kwamba hakuwa mgonjwa. Nilikuwa nimeyapanga vizuri. Nilishuka kutoka kitandani, nikaketi sakafuni karibu na kichwa chake, na sikuliona hata moja. Nikamwambia tu jinsi nilivyokuwa nikichungulia dirishani kila gari liliposimama. Nikamwambia kwamba nilikuwa nimemhesabia kosa hilo kila siku, hata siku nilizomwandalia chai kwa adabu. Tulilia kimya kimya ili tusimwamshe mtoto.

Kulipokucha tulikwisha kupita Shinyanga, na baadaye tukaanza kuyaona yale mawe makubwa ya Mwanza. Tulifika saa kadhaa baada ya saa tuliyotegemea. Laiti tungepanga kupanda meli siku hiyo hiyo, tungetoka jasho la wasiwasi njia nzima. Tulikuwa tumejipa siku moja ya katikati, na siku hiyo tulikwenda Igoma. Mama hakupiga yowe. Alisimama kwenye makaburi yale, akasema na mdogo wake kwa Kihaya, kisha akanifasiria bila kuulizwa. "Nimemwambia kesho navuka. Nimemwambia niko na mtu."

Jioni iliyofuata, kwenye ngazi ya meli, alisimama tena. Niliuona mkono wake ukitetemeka juu ya reli ya ngazi. Kama tungekuja kwa ndege, nisingejua ni kitu gani ninachokiona. Ningedhani ni uzee, au ukaidi, na huenda ningemhimiza kwa ukali wa adabu kama nilivyozoea. Lakini sasa nilijua. Nikamvuta pembeni, nikawapisha watu wapite. Walipita wengi, na magunia yao na watoto wao. Sikumwambia asiogope. Nilikaa naye tu, mpaka yeye mwenyewe aliposema, "Haya, twende."

Humo ndani jambo la kwanza alilofanya ni kumwuliza baharia maboya ya kujiokolea yako wapi na huvaliwaje. Yule kijana akatuonyesha kwa heshima, akatufunga kamba moja moja. Nami nilijifunza siku ile, kwa maana kabla ya hapo nilipanda vyombo vya majini mara nyingi bila kuuliza. Mama hakulala. Aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini hadi Kemondo. Asubuhi, milima ya Bukoba ilipoonekana, aliniomba nimfunge kilemba vizuri, kwa sababu wajukuu walikuwa wakimngoja bandarini.

Tangu hapo nimeisoma mara nyingi habari ya Ruthu na Naomi. Tunapoisoma huwa tunakimbilia mwisho, kwenye ndoa na mtoto. Lakini wale wawili, mtu na mama mkwe wake, walitoka Moabu hadi Bethlehemu, na hapakuwa na njia ya mkato. Walikuwa wajane wote wawili, kila mmoja na msiba wake. Biblia haituelezi waliongea nini usiku walipopumzika njiani. Mimi nadhani nafahamu kidogo.

Sisemi kwamba ndege ni mbaya. Mgonjwa mahututi apelekwe kwa ndege kama fedha zipo. Wala sisemi kwamba mwendo wa polepole ndio utakatifu. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa saa chache tu, na nimeipanda kwa furaha. Nasema tu kwamba wakati mwingine mtu wa nyumbani mwako ana safari ya ndani ambayo haiwezi kwisha kwa saa moja na nusu, na anahitaji mtu wa kukaa naye njia nzima.

Ukipata nafasi ya kusafiri hivyo na mzazi, fanya maandalizi. Kata tiketi mapema na umwombee kitanda cha chini. Chukua shuka, maji ya kutosha, tochi, na mafuta ya kukandia miguu. Dawa zake ziwe kwenye mkoba wako, si ndani ya begi kubwa. Usiku funga dirisha treni inaposimama vituoni. Na kama mbele kuna meli ya kupanda, usikose kuweka siku moja kamili kati ya treni na meli.

Mwaka uliofuata Mama alivuka tena, safari hii peke yake, akaja kutuona. Siku ya pili baada ya kufika aliniomba nimpeleke makaburini kwa mjukuu wake. Alikuwa amekuja na kanga zile zile alizozifunga mwaka 2009. Alizitunza miaka yote hiyo bila kuzivaa. Tulivaa sare, yeye moja na mimi moja, tukang'oa majani, tukaomba, tukarudi nyumbani kupika.

Mungu atujalie subira ya kusafiri pamoja na wale aliotupa.