Mdogo wangu, SMG na mfuko wa mchanga

Nimepotea humu wiki mbili, majaribio yamebana, na bumu mnajua lenyewe lilivyo. Mwili uko Iringa, mawazo yako nyumbani Mbeya.

Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, kapangiwa JKT Mafinga kwa mujibu wa sheria (yale mafunzo yaliyositishwa 1994 yakarudi 2013). Kwata haimtishi, mbio ndo kabisa. Anachoogopa ni siku ya shabaha. Alivunjika mkono wa kushoto akiwa darasa la tatu, kiwiko hakijanyooka sawasawa mpaka leo, akibeba kitu kizito mkono unatetemeka. Wenye ulemavu unaoonekana hupelekwa Ruvu, kule Pwani, ila wa kwake ukimtazama huoni kitu, na mwenyewe hataki kabisa kuandikwa huko. Juzi kanipigia: "Shikamoo kaka. Hivi ile bunduki nitaishikaje?"

Mimi nilipita Itende, na huku chuoni nasomea ualimu wa fizikia, basi nikajifanya mkufunzi kwenye simu.

SMG ina karibu kilo nne. Ukilala kifudifudi, mkono wa kushoto ndio unaoibeba kwa mbele, na ukitetemeka milimita moja tu mdomoni mwa bunduki, kwenye mita 100 risasi inakwenda pembeni zaidi ya sentimita kumi. Kwa hiyo swali ni la kuegemeza.

Akaniuliza kuhusu ile miguu miwili ya chuma aliyoiona kwenye filamu. Ni mizuri, ila juu ya sakafu au ardhi ngumu bunduki inaruka, lazima uisukume mbele kwa bega ndo itulie. Halafu SMG nyingi hazina. Mkanda je? Walengaji wa Olimpiki wanaolala chini hawaruhusiwi kuegemeza bunduki, wanafunga mkanda kwenye mkono wa kushoto. Mkono huohuo mbovu! Hapana.

Umebaki mfuko wa mchanga, na kwangu ndio bora hata kwa wenye mikono mizima. Unalainisha mshtuko, haurukishi. Usiujaze ukakaza kama mpira, uache ulegee kidogo bunduki ijichimbie. Uweke chini ya ule mbao wa mbele, kamwe usiwe chini ya mtutu wenyewe, maana mtutu hutikisika risasi ikipita, ukiugusa kitu risasi inahama. Na hapa ndo raha yake: mkono wa kushoto haubebi tena. Unaukunja tu, unaurudisha nyuma chini ya kitako, kiwiko kimetulia ardhini. Kwa kiwiko kisichonyooka, hilo ndilo pozi lenyewe.

Kakata mguu wa suruali yangu ya zamani (bila kuniomba), kaushona, kajaza mchanga. Anafanya mazoezi uani na mpini wa jembe. Mama anadhani kachanganyikiwa.

Tulikobishana ni kuhusu kusema. Mfuko hauji wenyewe, wa kuuruhusu ni afande. Nimemwambia siku ya kupimwa afya amwonyeshe daktari ule mkono, na kabla ya shabaha amwambie mkufunzi wake. Anaogopa watamrudisha nyumbani. Nikamwambia afadhali hivyo kuliko kutetemeka na risasi za moto huku wenzake wamelala kushoto na kulia. Akanyamaza, salio likakata.

Usiku katuma meseji: "Sawa kaka, nitamwambia daktari. Na masikio je?"