Kisu cha Wawili, Kutoka Empakaai Hadi Natron

Tuseme wewe na mwenzi wako mmechoka na wikiendi za ufukweni, kila mara hoteli ile ile, kuku yule yule. Safari hii mnataka kutembea kweli. Basi ipo njia ya miguu ya nyanda za juu za Ngorongoro. Mnaanzia Nainokanoka, mnapita Bulati, mnalala ukingoni mwa kreta ya Empakaai, kisha mnateremka kupitia Naiyobi hadi Ngare Sero, kando ya Ziwa Natron. Siku nne hivi. Punda wanabeba mahema na chakula, lakini begi la mgongoni ni lenu, na kabla hamjalifunga kuna ubishi lazima uishe: mnabeba kisu gani?

Hapo ndipo wanaume wengi (samahani jamani) wanapoanza kuota sinema. Mtu anarudi nyumbani na lijisu la sentimita 20 lenye meno ya msumeno mgongoni, eti la kujihami na nyati! Nyati hatishwi na kisu. Ndiyo maana kule mnatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki, hiyo ni kazi yake. Na miti ya hifadhi haikatwi ovyo, kwa hiyo habari ya kupasua magogo isahauni. Kazi ya kisu chenu ni kumenya vitunguu, kukata kamba ya hema, kufungua pakiti, kukata bandeji. Ubapa wa sentimita 10 unamaliza yote hayo.

Kwa nini kisiwe cha kukunja? Subirini mteremko wa baada ya Naiyobi. Njia imejaa vumbi la majivu ya Ol Doinyo Lengai, volkano iliyolipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008, na vumbi lile halichagui, linaingia kwenye viatu, masikio na nywele za mama. Likiingia kwenye bawaba ya kisu, kinagoma kufunguka, au mbaya zaidi, kinakosa kujifunga sawasawa na kukurudia vidoleni. Kisu kisichokunjwa hakina bawaba. Unakisuuza, yamekwisha.

Mpini ndio wa kuangalia zaidi, na wengi dukani hawauangalii kabisa. Ukingo wa Empakaai uko juu sana. Jioni ukungu unashuka, mikono inalowa na kufa ganzi, na njaa imewafanya wote wawili wakali. Mpini laini uliong'arishwa utateleza. Chagueni wenye mpira au plastiki ya kukwaruza kidogo, na wenye kizuizi mbele ili vidole visiserereke hadi kwenye makali. Kidole kilichokatika pale si jambo la plasta na pole tu, hospitali iko mbali. Kila mmoja wenu akishike dukani, maana mkono wa dada mwembamba si sawa na wa kaka.

Mwongozaji wenu Mmasai huenda akawa na sime kiunoni. Ipendeni kwa macho. Sime ina makali pande zote mbili, na ninyi mnahitaji mgongo butu wa kuegemeza dole gumba mnapokata kitu kigumu.

Mimi napendelea chuma kisichoshika kutu. Wapenzi wa chuma cha kaboni watanibishia, na ni kweli chuma chao kinanoleka upesi, lakini kinataka kufutwa na kupakwa mafuta kila mara. Nani atafanya hivyo hemani saa tatu usiku? Companion ya Morakniv, kutoka Sweden, ina ubapa wa sentimita 10 na kidogo, na uzito wake pamoja na ala ni kama gramu 116. Bei yake si ya kuuza shamba. Chuma chake hakifiki mwisho wa mpini, ila kwa mtu asiyepasua kuni hilo halina neno.

Kama mnaruka kutoka Dar, kisu kiende kwenye begi kubwa linalopakiwa chini, si la mkononi. Kinoeni kabla ya kuondoka, maana kisu butu hulazimishwa, na kinacholazimishwa huteleza. Na mkifika Natron, maji yale ni ya magadi. Kisu kikigusa ziwa, kisuuzeni kwa maji baridi ya kunywa, kikausheni kabisa, ndipo kirudi alani.