Wasiofika Mkutanoni

Nilisomea usanifu wa mandhari katika Chuo cha Ardhi, Dar es Salaam, na miaka yangu ya mwanzo kazini niliimaliza kwenye bustani za hoteli na maua ya mbele ya ofisi. Wateja walitaka nyasi za kijani na safu za miashoki. Mwashoki hupendwa kwa kuwa hurefuka bila kutanuka, na kwa sababu hiyohiyo hauna kivuli cha kumtosha mtu mmoja saa saba mchana. Nilipanda mingi. Mshahara ulikuwa mzuri, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza nani atakaa mahali pale.

Kilichogeuza kazi yangu ni eneo moja la wazi wilayani Temeke. Ramani ya mipango miji ililionyesha kama kiwanja cha kuchezea watoto. Nilipofika nilikuta jalala upande mmoja, gereji ya chini ya mti upande wa pili, na katikati uwanja wa mpira uliochakaa hadi mchanga mtupu. Fedha kidogo zilikuwa zimepatikana, na mwenyekiti wa mtaa alitaka mtaalamu wa kuchora bustani.

Jiji letu lina historia yake katika mambo haya. Viwanja vya Mnazi Mmoja, ambako leo watu wa kila aina hukusanyika, viliachwa wazi zama za ukoloni ili kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na mitaa ya Wazungu na Wahindi. Uwazi ule ulikuwa ukuta. Tangu nilipojifunza habari hiyo sijaamini kwamba mahali panamkaribisha mtu kwa sababu tu hapana uzio.

Mkutano wa hadhara uliitishwa saa kumi jioni mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa. Walikuja wazee, vijana wa mpira, mafundi gereji, na akina mama kadhaa waliokaa nyuma kabisa. Vijana walitaka uwanja, wazee walitaka mabenchi, mafundi waliomba wasiguswe. Nikamwuliza mwenyekiti kama mtaa wake una watu wenye ulemavu. Akanijibu kwa upole, "Wapo, mama, ila hao hawatoki."

Jibu lile ndilo lililonipa kazi ya maisha yangu. Siku zilizofuata nilizunguka na wajumbe wa mashina, nyumba kwa nyumba. Tulimkuta mama mwenye mtoto wa kiume aliyeathiriwa na mtindio wa ubongo, anayembeba mgongoni ingawa kijana ameshaanza kuota ndevu. Tulimkuta mzee asiyeona, aliyekuwa fundi cherehani. Alikuwapo dada mmoja anayeuza vocha akiwa juu ya baiskeli yake ya miguu mitatu, ile ya kunyonga kwa mikono. Kijana mwenye ualbino alituambia kwamba mchana kwake ni wakati wa kukaa ndani. Bibi mmoja, magoti yamemchosha, alikuwa hajavuka mtaro wa mbele ya nyumba yake tangu masika yaliyopita.

Yule mama nilimwuliza angependa tuweke nini. Alifikiri kidogo, akasema, "Mwanangu, bembea mimi sina haja nayo. Nipe mahali nitakapomlaza huyu apate upepo, nami ninyooshe mgongo, watu wasitukodolee macho." Katika makaratasi yangu yote hapakuwa na sharti la usanifu lililo wazi kuliko hilo.

Tatizo likawa namna ya kuzungumza. Ramani ya karatasi huielewa aliyefundishwa kusoma ramani; wengine huitikia kwa heshima tu. Tukanunua mifuko ya chokaa, tukapiga mambo, tukafunga kamba, tukaichora bustani nzima juu ya mchanga kwa ukubwa wake halisi. Njia ikawa njia ya kupitwa kwa miguu, benchi likawa mahali pa kukaa hata kabla ya benchi kuwapo. Watoto walikimbia ndani ya mistari, akina mama waliokuwa kimya mkutanoni wakaanza kubishana kwa sauti choo kikae wapi. Walitaka mlango wake uonekane kutoka barabarani, usiwe kichochoroni. Ukakaa walipotaka.

Mzee asiyeona alitembea kwa fimbo yake akifuata kamba nene tulizozilaza kwenye kingo. Alifika njia panda, akasimama. "Hapa sijui niko panda gani," alisema. Ndipo akina mama wakaleta wazo ambalo mimi, pamoja na elimu yangu, sikuwa nalo: kila njia panda ipewe harufu yake. Mrihani tukaupanda panapogeuka kwenda chooni, asumini panapoelekea mabenchi ya wazee, mlangilangi langoni. Kwenye kingo za njia tukajenga tuta la zege la sentimita 10, ambalo fimbo huligonga bila mguu kujikwaa. Vigae vyenye vinundu vya kuelekeza wasioona hutengenezwa, lakini bei yake ingemeza fedha za mabenchi yote.

Dada wa vocha alitufundisha jambo jingine. Vitabu vyangu vilisema kiti mwendo kinahitaji duara la mita 1.5 ili kigeuke. Nililichora. Alipoingia na baiskeli yake alikwenda mbele, akarudi nyuma, akaenda mbele tena, akakwama. Vipimo vile vilitoka kwenye nchi ambako mtu hutumia kiti chepesi juu ya sakafu ngumu. Temeke mtu huendesha chombo kirefu na kizito chenye mzigo nyuma. Tulifuta chokaa na kuichora upya, tukitanua kidogo kidogo, mpaka akageuka kwa mkupuo mmoja. Alama ya gurudumu lake ndiyo niliyoipima na kuipeleka kwa fundi.

Ubishi mkubwa ulikuwa wa lango. Akina mama walisema bodaboda zisipite ndani kamwe, kwa sababu zinagonga watoto. Fundi alikuja na mchoro wa vyuma vya kupindapinda kama vile vinavyowekwa kwenye njia za waenda kwa miguu. Vyuma hivyo huzuia pikipiki. Huzuia pia baiskeli ya miguu mitatu, kiti mwendo, na mama mwenye toroli la maji. Upana wa kumpitisha dada wa vocha humpitisha na bodaboda, na hakuna nguzo iliyobuniwa inayoweza kuwatofautisha. Tulilijadili wiki nyingi. Mhandisi aliyekuwa akituongoza alichoka, akaniuliza, "Kwani hao watu ni wangapi?"

Nilimjibu kwa sheria kwanza. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na kifungu chake cha 30 kinataja waziwazi haki ya watoto wenye ulemavu kucheza sawa na watoto wengine. Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Kisha nikamwomba akae na mimi kando ya eneo lile jioni moja, atazame nani anapita: mjamzito, bibi mwenye mkongojo, mtoto anayejifunza kutembea. Hakuniuliza tena.

Suluhisho lilitoka kwa bodaboda wenyewe. Kiongozi wao wa kijiwe alipendekeza wahamie langoni, wapate kivuli, nao wawajibike kwa yeyote atakayepita na pikipiki. Nguzo zikasimikwa kwa nafasi ya mita 1.2, na faini ikaandikwa kwenye kanuni za mtaa. Ulinzi huo umefanya kazi kuliko chuma, kwa kuwa wenye pikipiki wanajuana kwa majina.

Kuhusu kivuli, kijana mwenye ualbino alikuwa mwalimu wangu. Jua kwake ni hatari ya saratani ya ngozi, basi benchi lenye mti halimsaidii ikiwa njia ya kulifikia iko juani. Aliomba kivuli kiungane tangu langoni. Tulibishana juu ya miti. Mkungu una kivuli kizuri sana, ila matunda yake magumu huanguka njiani na kuviringika chini ya magurudumu na mikongojo. Mwembe huwavuta watoto wenye mawe. Mwarobaini ukashinda kando ya njia, na miembe ikapelekwa pembeni, mbali na mabenchi. Mwashoki hatukupanda hata mmoja.

Vijana viziwi walituomba jambo rahisi ambalo tangu hapo naliweka kila mahali: mabenchi yapangwe nusu duara, yasipangwe kwa safu, na taa iwe karibu, maana wao huzungumza kwa mikono na lazima waonane.

Mafundi gereji ndio waliopoteza zaidi. Walipewa kipande kando ya barabara, kidogo kuliko walichozoea. Ushirikishwaji haufanyi kila mtu atoke akiwa ameridhika, na anayeuhubiri hivyo anawadanganya wananchi.

Masika ya kwanza yalipopita, mvua ilikuwa imekula udongo kwenye miisho ya njia, pasipo na tuta, na kuacha kidato cha sentimita chache kati ya vitofali vya njia na mchanga. Kidato hicho kinatosha kumsimamisha mwenye kiti mwendo. Bustani inayofikika hufa hivyo, kimyakimya, kwa kukosa beleshi na toroli la kifusi. Kamati ya bustani, ambayo ndani yake yumo yule mzee fundi cherehani na yule dada wa vocha, hutoza ada ya choo na ya sherehe, na fedha hizo ndizo zinazojaza kifusi. Iliamua pia kwamba turubai la harusi lisifunge njia, hata kama mwenye harusi ni diwani.

Baadaye nilifanya kazi Tanga, Morogoro na Mwanza. Njia ya kupanda kwa kiti mwendo huhitaji mita 12 za urefu kwa kila mita moja ya kwenda juu, na katika mitaa ya Mwanza iliyokaa juu ya mawe urefu huo mara nyingi haupatikani. Mahali pengine tulishauri halmashauri ichague kiwanja kingine cha bondeni, na nadhani ushauri huo ulikuwa sehemu halali ya usanifu.

Maeneo ya wazi yanazidi kuvamiwa, na lisilopimwa ndilo huvamiwa kwanza. Nakuomba wewe unayesoma, nenda ofisi ya serikali ya mtaa wako, uulize eneo la wazi liko wapi kwenye ramani na kama mipaka yake imewekewa mawe. Mkutano wa kulipangia matumizi utakapoitishwa, mpitie jirani yako ambaye watu husema hatoki. Asipoweza kufika, waombe viongozi mkutano ukafanyikie uani kwake.