Kompyuta Isemayo

Sisi tusioona hapa Oicha twahitaji kompyuta ya kutusomea kwa sauti. Kati ya mifumo isiyolipiwa hata faranga tumechagua Debian. Sababu ni hii: siku ya kuiweka katika mashini hulia mlio. Hapo kidole hupapasa kinundu cha herufi F, hurudi kushoto herufi mbili hadi S, kisha hubonyeza Enter. Mara sauti yaanza kutuongoza hatua kwa hatua. Baadaye programu ya Orca husoma maandishi ya kiooni, na eSpeak NG huyatamka, hata kwa Kiswahili. Sauti yenyewe ni kavu kama debe, lakini yasikilika. Basi barua zetu twazisoma wenyewe, na siri zetu zakaa kwetu.